Mnaokodi gari za kuendesha wenyewe Kigoma, chekini bima kwanza

Wadau, mnaokodi gari hapa Kigoma mjini mjiendeshe wenyewe kwenda Kasulu au Uvinza, kabla hujatoa hela chukua namba ya gari uicheki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni, utaona bima iko hai au imekwisha na ni ya aina gani. Hapo kwenye aina ndo penye kazi. Bima ndogo, ile thedi pati, inamlipa uliyemgonga, gari lenyewe ulilokodi hailigusi, ukilibonyeza mwenye gari anakudai wewe. Bima kubwa inalibeba na gari ila mara nyingi kuna kiasi cha kwanza mnachangia wenyewe, uliza ni sh ngapi na nani anakitoa, kiandikwe kwenye mkataba.

Kingine ambacho wengi hawakijui, gari likikatiwa bima ya matumizi binafsi afu likakodishwa, kampuni inaweza kugoma kulipa kabisa, kwa hiyo usione aibu kuomba uione karatasi ya bima imeandikwa matumizi gani. Akikasirika kwa swali hilo mwachie gari lake jamani, serious.

Mnaovuka Manyovu kwenda Burundi ulizieni kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mpaka.

Halafu lizungukeni gari na mwenyewe akiwepo, piga video kila mkwaruzo, washa taa zote, tairi la spea liminye kabisa uone lina upepo, jeki na spana ya tairi viwepo na viwe vya gari hilohilo.