Kuishi Chini ya Amri ya Vizuizi vya Ufilisi Nchini Uingereza: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kufutiwa Madeni

Mtu anayetangazwa kufilisika chini ya sheria ya Uingereza na Wales (Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao) kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12, na siku hiyo madeni yake mengi hufutika. Wengi wetu tunaoishi huku tunaijua habari hiyo kwa kusikia tu, ndiyo maana wapo wanaoshtuka wanapopokea barua ya kuwaeleza kwamba vizuizi vya ufilisi vitaendelea kwao kwa miaka mingine minne, saba, au hata kumi na miwili. Barua hiyo huhusu amri ya vizuizi vya ufilisi, ambayo kwenye karatasi za serikali huandikwa BRO, na ambayo hutolewa na mahakama. Au hati ya ahadi, BRU, ambayo mhusika huitia saini mwenyewe ili shauri lisifike mahakamani. Zote mbili zina nguvu ileile, zilianza kutumika Aprili 2004, na hudumu kwa muda usiopungua miaka 2 wala kuzidi 15.

Kwanza ondoa hofu isiyo na msingi. Amri hii haifufui madeni. Ukishaachiliwa, umeachiliwa: wadai wa zamani hawarudi mlangoni, na mali utakayoichuma baada ya siku hiyo ni yako. Yanayobaki hubaki kwa kila aliyefilisika, awe na amri au asiwe nayo, kama vile faini za mahakama, matunzo ya watoto, mikopo ya serikali ya wanafunzi, na madeni yaliyotokana na ulaghai. Kinachoongezwa na amri ni masharti ya namna utakavyokopa, utakavyofanya biashara, na nafasi utakazoweza kuzishika. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya masharti hayo hayakukatazi kutenda. Yanakulazimisha kusema kabla ya kutenda. Kwa maoni yangu wengi wanaoingia matatani hawana nia ya wizi, ila wameona aibu kusema.

Soma kwanza kwa nini umepewa

Kabla ya kupanga maisha, chukua hati yako, isome yote, na uandike pembeni tarehe inapoanza, tarehe inapokwisha, na tabia iliyotajwa kuwa sababu. Mpokezi rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, haombi amri kwa sababu ya umaskini. Huiomba anapoona mwenendo usiofaa: kukopa huku ukijua huna njia ya kulipa, kucheza kamari, kutotunza kumbukumbu za biashara, kupokea fedha za wateja bila kupeleka bidhaa, au kukataa kutoa maelezo. Wengi wamepata amri hizi kwa kutumia vibaya mikopo ya biashara ya wakati wa korona, iliyoanza kutolewa Mei 2020 kwa kiwango cha hadi pauni 50,000.

Kuna sababu mbili ambazo huwanasa watu wa kwetu kwa namna ya pekee, na inafaa zielezwe kwa kituo. Moja ni kumlipa ndugu kwanza. Mtu anaona mambo yanaharibika, anachukua akiba iliyobaki na kumrudishia mjomba aliyemkopesha nauli na ada ya chuo, kisha benki anaiacha ikisubiri. Kwetu huo ni uungwana; kwa sheria ya huku ni upendeleo wa mdai mmoja dhidi ya wengine, na anapokuwa ndugu, malipo yaliyofanyika ndani ya miaka miwili kabla ya ufilisi yanaweza kuchunguzwa. Nyingine ni kiwanja cha nyumbani. Mali ya aliyefilisika, kwa tafsiri ya sheria, ni mali yake popote ilipo, kwa hiyo shamba la Muheza au kiwanja cha Kitengela ni sehemu ya hesabu, na kumwandikisha kaka yako kwa bei ya kutupa ndani ya miaka mitano kabla ya ufilisi hakukiondoi kwenye hesabu hiyo. Ikiwa sababu yako ni mojawapo ya hizi, usiirudie kwa kuficha jambo jipya.

Muda uliopewa pia una maana. Mahakama hupanga makosa katika madaraja matatu: miaka 2 hadi 5 kwa mepesi, 6 hadi 10 kwa ya kati, na zaidi ya 10 kwa mazito. Ukijua daraja lako utajua pia jinsi ombi lolote utakalolipeleka baadaye litakavyotazamwa.

Pauni 500 na maana pana ya mkopo

Sharti utakalokutana nalo mara nyingi zaidi ni hili: huruhusiwi kupata mkopo wa pauni 500 au zaidi, peke yako au pamoja na mtu mwingine, bila kumwambia anayekukopesha kwamba uko chini ya amri. Ukimwambia naye akakubali, hujavunja sheria. Shida ni kwamba neno mkopo hapa ni pana kuliko tunavyolitumia. Gari linalolipiwa kidogo kidogo limo. Bima ya gari ya mwaka mzima inayolipwa kila mwezi mara nyingi ni mkataba wa mkopo, na watu wengi huibofya kwenye simu bila kufikiri. Simu ya mkataba inayokuja na kifaa cha bei kubwa nayo inafaa kuangaliwa. Njia nyepesi ni kulipa bima kwa mkupuo ukiweza, kutumia laini ya kulipia kabla, na pale usipoweza, kutoa taarifa kwanza.

Linalosahaulika zaidi ni malipo ya awali. Sheria inahesabu kuwa umepata mkopo pale unapolipwa mapema kwa bidhaa au huduma ambayo bado hujaitoa. Mpishi wa harusi anayepokea pauni 800 ili akanunue mchele na nyama, mshonaji anayechukua arubuni ya sare za maharusi, fundi anayetaka nusu ya fedha kabla ya kuanza kazi, wote wamekopa machoni pa sheria. Ikiwa ndiyo kazi yako, una njia tatu: pokea malipo baada ya kazi, mwombe mteja anunue vifaa mwenyewe, au mweleze hali yako kabla ya kupokea kiasi kinachofika pauni 500.

Toa taarifa kwa maandishi. Baruapepe yenye sentensi chache inatosha: kwamba uko chini ya amri ya vizuizi vya ufilisi, imeanza tarehe fulani na itakwisha tarehe fulani, na kwamba unamjulisha kabla ya kuingia katika makubaliano. Mwombe ajibu kuwa amesoma, kisha hifadhi jibu mahali ambapo hutalipoteza ukibadilisha simu. Maneno ya mdomo yaliyosemwa dukani ni vigumu kuyathibitisha baada ya miaka mitatu, na kukopa bila kusema ni kosa la jinai linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 2, faini, au vyote viwili.

Na mchezo, yaani upatu? Kina mama wengi wa Leicester, Reading na mashariki mwa London wana mchezo wa kila mwezi, na hakuna amri inayokukataza kuweka akiba pamoja na wenzako. Lakini anayepokea wa kwanza anakaa na fedha za wenzake mpaka zamu ziishe, jambo ambalo kwa mantiki yoyote ni deni. Omba zamu ya mwisho. Hapo ni wao wanaodaiwa na wewe.

Biashara, jina na kampuni

Unaweza kuajiriwa, na unaweza kujiajiri. Hata hivyo, ukifanya biashara kwa jina tofauti na lile ulilotangaziwa kufilisika, ni lazima umjulishe kila unayefanya naye shughuli ya biashara ni jina gani lililotangazwa. Haijalishi kiasi ni kidogo au kikubwa. Tuseme ulifilisika kwa jina lako la kuzaliwa, na sasa unauza vitafunio kwa jina la Jiko la Pwani: wauzaji wako wa jumla, wenye kumbi na wateja wako wanapaswa kuelezwa. Lililo rahisi ni kuandika jina lako kamili, kama lilivyo kwenye hati, juu ya kila ankara na makubaliano, au kuendesha biashara kwa jina hilohilo tangu mwanzo.

Kampuni ni habari nyingine, kwa sababu hapa kusema hakutoshi. Huwezi kuwa mkurugenzi, wala kuanzisha, kutangaza au kushiriki katika kuendesha kampuni bila ruhusa ya mahakama. Kumweka mkeo au binamu kwenye karatasi huku maamuzi yote yakitoka kwako ni mtego mbaya kuliko mwingine wowote katika mwongozo huu. Unayeendesha kwa mlango wa nyuma unaweza kushtakiwa na kubebeshwa madeni ya kampuni wewe binafsi. Naye anayetekeleza maagizo yako akijua huna ruhusa anaweza kubebeshwa vilevile. Ukihitaji kweli kuongoza kampuni, peleka ombi mahakamani, mjulishe mpokezi rasmi ambaye ana haki ya kupinga, na eleza kampuni inafanya nini, kwa nini inakuhitaji wewe, nani mwingine atatia saini hundi na nani atatunza vitabu.

Jumuiya na nafasi za heshima

Jumuiya zetu nyingi, misikiti na makanisa ya wahamiaji, pamoja na vyama vya kuzikana, vimesajiliwa kama mashirika ya hisani, na aliye chini ya amri haruhusiwi kuwa mjumbe wa bodi ya wadhamini wake. Hili huumiza zaidi ya suala la mikopo, kwa kuwa mtu huyo mara nyingi ndiye mweka hazina aliyeaminiwa kwa miaka. Mwandikie mwenyekiti ujiuzulu mwenyewe kabla jina halijaonekana na mtu mwingine. Unaweza kuendelea kupika, kufundisha watoto Kiswahili au kusafirisha wazee bila kukaa kwenye bodi, na inawezekana pia kuiomba Tume ya Mashirika ya Hisani ikuondolee kizuizi kwa shirika mahususi. Udiwani na ubunge navyo vimefungwa kwa muda wa amri. Wanasheria, wahasibu na wanaofanya kazi zinazosimamiwa na mamlaka za fedha wasome kanuni za taaluma zao na mikataba yao ya ajira kabla ya kudhani hayawahusu.

Jina lako kwenye rejista

Taarifa za ufilisi wa kawaida huondolewa kwenye rejista ya serikali miezi mitatu baada ya kuachiliwa. Zile za amri hubaki kwa muda wote amri inapokuwa hai, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure. Ikiwa kuonekana kwa anwani yako kunaweza kukuletea ukatili, kwa mfano kutoka kwa mwenzi wa zamani, mahakama inaweza kuamuru isionyeshwe. Kampuni za kumbukumbu za mikopo, yaani Experian, Equifax na TransUnion, huonyesha ufilisi kwa miaka 6, na kwa wenye amri ndefu rekodi inaweza kukaa zaidi. Mwenye nyumba atakagua, kwa hiyo mweleze kabla hajakagua, na uwe na mtu wa kukudhamini au stakabadhi za kodi ulizolipa kwa wakati. Kwa benki, omba akaunti ya msingi isiyo na mkopo ndani yake. Ushauri wa bure hupatikana StepChange, National Debtline na Citizens Advice. Anayekutoza fedha ili akuondolee amri upesi mwepuke.

Kumaliza kabla ya muda, na kumaliza kwa muda

Aliyetia saini hati ya ahadi anaweza kuiomba mahakama iifute au iikatishe mapema, lakini aende na sababu na vielelezo, si malalamiko. Watu hukosea wanapodhani kwamba wakilipa madeni yote, na ufilisi wenyewe ukabatilishwa kwa sababu hiyo, amri itaondoka nao. Haiondoki. Huondoka pamoja na ufilisi pale inapoonekana kwamba tangazo la kufilisika halikustahili kutolewa tangu mwanzo.

Muda ukifika amri hukoma yenyewe, bila ombi wala ada. Wiki chache baadaye tafuta jina lako kwenye rejista uone kama limeondolewa, omba ripoti za kampuni zote tatu, na panapobaki kosa andika kudai lirekebishwe ukiambatisha nakala ya hati inayoonyesha tarehe ya mwisho. Ile nafasi ya bodi uliyoiacha hairudi yenyewe siku hiyo. Itabidi jumuiya ikuchague upya katika mkutano wake.