SOMO: Kuwatembelea akina mama wenye shida na wanaolala nje, Kigoma mjini

Shalom wapendwa. Kila mara naulizwa jambo lile lile: "Mtumishi, tunataka kwenda Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa, kuwaona wahitaji, tuanzie wapi?" Nimeandika hapa mara moja. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uulize.

1. Ombeni, kaeni kikao, mjue mna nini mkononi.

2. Pigeni hodi kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi kwanza.

3. Angalieni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na mama anayeanika dagaa kwa ujira hana kitu. Siku hizo ndizo za kwenda. Siku za giza mtamkuta amepiga magoti mchangani, mtoto mgongoni, anachambua dagaa, na kila dakika mnayomsimamisha inamla riziki. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama 2024 lilipofungwa miezi 3 tangu katikati ya Mei, msingoje mwezi. Nendeni.

4. Bebeni unga, maharage, mawese, chumvi, sabuni ya mche.

5. Kugawa. Hapa ndipo vikundi vingi vinaharibu. Msisimamishe gari uwanjani na kuanza kurusha mifuko: wenye nguvu watabeba, na mama mwenye kichanga ataondoka mikono mitupu. Ingieni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mmoja wenu awe mama.
ONYO: Hakuna picha.
ONYO: Unga hauna sharti. Kibirizi na Ujiji mtaingia nyumba nyingi za Waislamu. Akiuliza kwa nini mmekuja, mwambieni habari za Yesu bila kuficha. Akiomba maombi, ombeni naye. Lakini kumwambia "Jumapili tukuone kanisani" huku ameshika mfuko wenu ni kumnunua, na Bwana hakututuma kununua watu.

6. Rudini mwezi unaofuata, kwa nyumba zile zile.

7. Kwa wanaolala stesheni na kwenye baraza za maduka, nendeni jioni, kaeni chini, muulizeni jina lake kabla ya kumpa chakula. Akiwa mtoto, usimchukue kwako hata kwa huruma. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure.

MASWALI

Mjumbe, Gungu: Tupige picha chache tu za kuwatumia wafadhili?
Jibu: Soma namba 5.

Mjumbe, Gungu: Lakini bila picha hawatatoa tena.
Jibu: Piga picha magunia kabla hayajatoka kanisani, ambatisha risiti. Sura ya mama mwenye njaa si risiti.

Mjumbe, Mwanga: Tumechangisha maziwa ya kopo kwa vichanga. Tupeleke?
Jibu: Hapana. Mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu. Maji machafu ndani ya chupa ndiyo yanayoleta kuhara. Mlisheni mama.

Mjumbe, Tabora: Bwana asifiwe, mama. Sisi si wauguzi. Tutajuaje mtoto ana utapiamlo?
Jibu: Amina mwanangu, swali zuri sana. Bonyeza upande wa juu wa unyayo kwa dole gumba, hesabu taratibu, achia. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pia mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje na utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Nendeni naye mpaka dirishani, msimwelekeze njia tu.

Mjumbe, Katonga: Masika dagaa hawakauki na akina mama wanapata hasara. Kanisa lifanye nini?
Jibu: Changeni waya na miti mwajengee vichanja vya kuanikia. Dagaa wa kichanja hawana mchanga, bei yake ni nzuri zaidi, na mvua ikija wanafunikwa turubai hapo hapo. Wekeni akina mama watano kwa kichanja kimoja, wapangiane zamu wenyewe.