Kituo cha mboji cha chama cha msingi: mwongozo kwa wakulima wa kahawa wa Moshi

Msimu wa kahawa, unaoanza takriban Julai na kuendelea hadi Desemba, huacha kando ya mashine za kumenya za Kibosho, Uru na Old Moshi marundo ya maganda mabichi ambayo, yasiposhughulikiwa mapema, huchacha, hujaza nzi na kuchuruzisha maji yenye asidi hadi kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji. Maganda hayo ni takriban asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu, na katika kila kilo 100 za maganda mabichi kilo 75 hadi 80 ni maji. Kuyasomba hadi kiwanda kimoja kikubwa mjini ni kulipia gari libebe maji, na kwa sababu hiyo inafaa yageuzwe mboji palepale yanapotoka. Vyama vya msingi vya ushirika, vilivyoenea mlimani tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoundwa mwaka 1933, tayari vina mizani, karani na daftari la wanachama. Kinachokosekana ni kiwanja na utaratibu.

Kiwanja kiwe upande wa chini wa mfongo, kamwe si juu yake, na kiwe na mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye shimo, ili maji hayo yarudishwe juu ya rundo badala ya kupotea. Malighafi kavu ndiyo husumbua zaidi. Pumba za mpunga zipo nyingi Mabogini na Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare chini ya mji, nazo ni nyepesi, kwa hiyo gari linaloshusha kahawa iliyokauka mjini lipandishe pumba badala ya kurudi tupu. Hata hivyo, pumba huoza polepole mno. Kazi yake ni kupitisha hewa tu, na usiitegemee ichukue nafasi ya mabua ya mahindi na majani makavu.

Anza na ndoo tatu za maganda yaliyochujika maji, ndoo mbili za mabua yaliyokatwakatwa, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe na nusu ndoo ya pumba. Changanya vizuri, kisha jenga tuta lenye upana wa mita mbili na kimo cha mita moja na nusu, urefu ukitegemea kiwanja. Kabla ya kulifunika kwa majani ya migomba, chukua konzi moja ya mchanganyiko uikamue kwa nguvu: matone mawili matatu yakipenya katikati ya vidole, unyevu unatosha, maji yakitiririka, ongeza mabua, konzi ikimomonyoka mara ufunguapo mkono, nyunyiza maji.

Ndani ya siku chache joto la katikati linapaswa kufika kati ya nyuzi 55 na 65. Kama hakuna kipimajoto, chomeka nondo hadi katikati, iache dakika kumi, kisha uichomoe na kuigusa kwa uangalifu: ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, kazi inaendelea. Geuza tuta joto linapopita 65 au linaposhuka chini ya 50, na hakikisha kilichokuwa nje kinaingia ndani, kwa kuwa mbegu za magugu na vimelea hufa pale tu vinapopitiwa na joto hilo. Harufu ya yai viza ina maana hewa imekosekana. Harufu kali kama ya mkojo wa zizini ina maana mabua hayatoshi.

Jambo moja nasisitiza kwa uzito wote: migomba yenye mnyauko fuzari isiletwe kituoni kabisa. Vimelea vyake huishi udongoni kwa miaka mingi, na kituo kinachopokea taka za vihamba (mashamba ya nyumbani) vingi kinaweza kuusambaza ugonjwa huo kata nzima kwa msimu mmoja.

Mboji huiva kwa miezi mitatu hadi minne, hivyo matuta yaliyojengwa kufikia Novemba huwahi masika ya Machi. Ipime kwa kupanda maharage kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo na kopo lingine la udongo mtupu. Yakichelewa kuota au yakiwa ya manjano kwenye kopo la mboji, subiri zaidi.

Katika kugawa, kanuni isiyoleta ugomvi ni kila mwanachama kupata mboji kulingana na kilo za kahawa mbivu alizoleta, baada ya kutenga sehemu ya wafanyakazi wa kituo na ya waliotoa samadi. Kwa mkahawa uliokomaa, debe moja lililotandazwa chini ya mzunguko wa matawi ni mwanzo mzuri. Ziada ikitakiwa kuuzwa kwenye mifuko nje ya chama, uongozi uwasiliane kwanza na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania kuhusu usajili, na upeleke sampuli maabara, mathalani ile ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) iliyopo Lyamungu, ili mnunuzi aoneshwe kiasi cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu anachokilipia.