Nyungunyungu wa Kulisha Kuku Uani: Anza na Maji Yasiyo na Chumvi

Kuku anayefugwa ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya Lamu hana pa kuparua. Chini ni saruji, na mtama peke yake haumtoshi. Nyungunyungu, yule mnyoo wa udongoni, akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na sanduku moja chini ya ngazi linatosha kuwapa kuku wanne au bata wawili kitoweo chao mara kadhaa kwa wiki.

Sanduku langu la kwanza lilikufa lote ndani ya wiki moja. Nilitandika makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi, niliyoyatoa ufukweni, yale yanayofukiwa kwenye tope ili yatoe kamba, bila kuyasuuza. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi yenye unyevu, na chumvi huikausha. Kwa hiyo makumbi yaloweke katika maji yasiyo na chumvi siku tatu, ukiyabadilisha kila siku, kisha yaonje kwa ncha ya ulimi. Maji ya kunyunyizia yawe ya mvua kutoka kwenye jabia, lile birika la kuhifadhia maji. Kisima chenye maji ya magadi kiache kwa kufulia.

Chukua ndoo ya rangi ya lita 20 au sanduku la mbao, toboa matundu chini, liinue kwa matofali. Kama una meza, kila mguu uwe ndani ya kopo la maji, maana sisimizi wa huku hawachelewi. Changanya makumbi na samadi ya punda iliyokaa wiki tatu ikapoa, mbichi huchemka. Muulize mwenye punda kama amempa dawa ya minyoo karibuni. Dawa hiyo hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa, nayo inaweza kuwadhuru nyungunyungu wako. Ukikamua konzi ya matandiko, yatoke matone mawili matatu tu. Funika kwa gunia bichi.

Nusu kilo ya nyungunyungu yatosha kuanzia. Wanunue kwa wanaotengeneza mboji, usiwachimbe pale kuku wanaponyea, kwani nyungunyungu wa huko huweza kubeba minyoo ya koo inayowaziba kuku pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo, kinyesi cha kuku kisiingie sandukuni.

Chakula chao ni maganda ya ndizi na papai, mabaki ya mchicha, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Siku za mwanzo wape robo kilo tu kila siku mbili, uongeze wakimaliza. Machicha ya nazi ni kishawishi kikubwa kwa sababu hayakosekani jikoni, lakini yana mafuta, huchacha na kupata moto. Konzi moja kwa wiki basi. Wali wa jana, ng'onda (samaki wa kukaushwa) na matumbo ya samaki visikaribie kabisa.

Kaskazi ya Januari hadi Machi ndiyo mtihani. Joto la sandukuni likipita nyuzi 35 wanakufa, basi lowesha gunia asubuhi na jioni.

Mayai ya nyungunyungu huanguliwa kwa wiki tatu hivi, na wadogo hukomaa kwa miezi miwili. Usivune kabla ya mwezi wa tatu. Mwaga matandiko juani kama kichuguu. Wao hukimbia mwanga na kujikusanya chini. Wasuuze, kila kuku mpe watano au sita, wadogo uwarudishe. Mboji iliyokomaa ipeleke kwenye asumini.