Kuwapeleka Watoto Matembezi ya Krismasi Nairobi

Familia inayobaki Nairobi wakati jamaa na majirani wamekwenda mashambani kwa Krismasi hupata jiji lenye barabara wazi, na kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri pa kuwapeleka watoto siku hiyo kuliko Msitu wa Karura, ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwaka 1999 na ambao leo una maporomoko ya maji, mapango waliyojifichia wapiganaji wa Mau Mau, na njia ambazo hata mtoto mdogo anaweza kuzitembea. Chapati na nyama zifungwe katika vyombo vya nyumbani, na maji yatiwe katika chupa za chuma, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zinazolindwa, na inasikitisha kuona mama akinyang'anywa chupa langoni huku watoto wana kiu. Mvua za vuli huenda zimeacha tope, basi viatu vya sikukuu vibaki nyumbani.

Wanaotamani kuwaona ndovu yatima katika kituo cha Sheldrick, kinachowalea, wachague siku nyingine, kwani kituo hicho hufungwa tarehe 25 Desemba. Siku nyingine hupokea wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi, nao sharti wawe wameweka nafasi mapema. Wasafiri wa matatu wabebe akiba ya nauli, maana hupanda msimu huu.