Kulikagua jengo la stesheni ya zamani kwenye Reli ya Kati

Kwanza weka mipaka ya umri. Wajerumani walianza kuijenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza walilikamilisha Waingereza mwaka 1928. Anayekuambia stesheni ya tawi hilo ni "ya Mjerumani" amekosea kabla hujatoa futi mfukoni.

Omba ruhusa kwa stesheni masta, kisha anzia upande wa njia ya treni, si wa barabara. Tafuta palipobanduka lipu, mara nyingi chini ya madirisha, upime tofali. Kipimo rasmi cha Ujerumani tangu 1872 kilikuwa sm 25 × 12 × 6.5, tofali la Kiingereza huwa na urefu wa sm 22 hadi 23. Usipime moja tu, maana udongo husinyaa tanuruni na tofali zilizochomwa karibu na eneo la ujenzi hupishana vipimo. Pima kumi, chukua wastani.

Ukiona aina mbili kwenye ukuta mmoja, tafuta mshono wa wima: hapo chumba kiliongezwa. Lipu mpya huuficha, ila ufa mnyoofu toka juu hadi chini huutoboa siri, kwa sababu msingi wa zamani na wa baadaye haititii sawa. Ukuta unaomung'unyika usikuhadae kuwa ni mkongwe. Mara nyingi umepakwa sementi juu ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea.

Ingia darini na tochi. Papi (mbao nyembamba za kulaza paa) zilizokaribiana, kama sm 30, zilibeba vigae. Za mabati huachana zaidi. Matundu ya misumari yasiyolingana na bati la leo yanaonyesha paa limebadilishwa.

Kosa la kawaida kabisa ni kusoma mwaka uliotokeza ubavuni mwa reli na kuuandika kuwa mwaka wa jengo. Huo ni mwaka wa chuma kutoka kiwandani. Reli zilizochakaa njia kuu huhamishiwa njia za pembeni, kwa hiyo unaweza kukuta reli kongwe kuliko stesheni yenyewe.

Katika mchoro wako andika umri wa kila sehemu peke yake: ukuta, paa, nyongeza, tangi la maji ya injini za mvuke.