Kabla hujafunga sanduku kuja kujitolea shule ya kijijini

Ndugu zetu walioko ughaibuni hupenda kurudi Desemba. Tunawaelewa, Krismasi ya nyumbani ina utamu wake. Ila Desemba shule zimefungwa, walimu wamekwenda makwao, na wanafunzi wako shambani, maana huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua ikishashika, mahindi hayamsubiri mtu. Ukija wakati huo na nia ya kufundisha hisabati, utayafundisha madawati.

Kwa hiyo anza na kalenda, tiketi itafuata. Muhula wa kwanza unaanza Januari, wa pili Julai. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, kisha Oktoba na Novemba ni zamu ya darasa la nne, kidato cha pili na cha nne. Siku za mitihani shule haitaki mgeni. Mimi nafundisha sekondari ya kata upande wa Mufindi, mkoani Iringa. Kuna mwaka kijana wetu mmoja alitua Novemba na projekta begani, akaishia kunywa chai siku nne kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Getini kulikuwa na askari, na asiye mtahiniwa wala msimamizi hapiti. Tulimwonea huruma, lakini hakuna aliyethubutu kumwingiza. Wiki nzuri ni za katikati ya Julai hadi Agosti, ambapo shule ziko wazi na wengi wenu mlioko Ulaya na Marekani mko likizo.

Pasipoti uitazame mapema. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo uliyechukua uraia wa huko unaingia kama mgeni, hata kama shangazi yako anakaa jirani na shule. Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi ya kujitolea. Vibali vya ukaazi vya wanaojitolea viko daraja C. Waulize Uhamiaji kabla hujalipa nauli.

Kisha barua. Shule za serikali ziko chini ya halmashauri, na mkuu wa shule hawezi kukuingiza darasani kwa hiari yake tu. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu wa sekondari au wa msingi, ueleze utafanya nini na kwa siku ngapi. Usione ni urasimu. Mkuu aliyekukubalia kwa simu mwezi Machi, Julai anaweza kuwa amehamishwa. Barua iko kwenye faili.

Sasa mizigo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hukusanya vitabu vilivyotumika, wakajaza kontena, wakalipa meli, bandari, wakala wa forodha, na lori kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga. Likifunguliwa, ni sayansi ya mtaala wa nchi nyingine. Vitabu vya kiada vya hapa vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtaala umebadilishwa juzijuzi tu, hata vya kwetu vya zamani vingine havifai tena. Mpigie mwalimu wa somo, si mkuu peke yake, umuulize anakosa nini. Huenda akakutajia kemikali za maabara, au vitabu ishirini vya fizikia vinavyopatikana Mbeya mjini. Au atakuambia boma. Wananchi wamefyatua tofali, wamesimamisha kuta, na darasa linasubiri bati mwaka wa pili huu. Kupaua boma lililopo kuna faida kuliko kuchimba msingi mpya wenye jina lako.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini chakula cha mchana bado ni cha wazazi, na mtoto anayetoka mbali hupanga geto, yaani chumba cha mtaani, anajipikia mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne. Mimi ningekuwa na fedha ningeanzia hapo, kwenye bweni na debe za mahindi. Wengine watasema kompyuta. Sawa, ila uliza kwanza kama umeme upo.

Kuhusu kufundisha kwenyewe: msingi wanasoma kwa Kiswahili, wakiingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Hapo wengi hunyamaza. Wewe unaweza kuwasaidia sana kwa kuongea nao tu, taratibu, na hiyo lafudhi ya puani uiache uwanja wa ndege. Andaa vipindi kumi vifupi pamoja na mwalimu wa darasa. Usimfukuze kwenye ubao wake.

Utakuta viboko. Kanuni zinampa ruhusa ya kuchapa mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Ukiona vinginevyo, zungumza na mkuu ofisini, si mbele ya wanafunzi. Picha za watoto nazo zina sheria, ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa ya wazazi, na mtoto mwenye sweta iliyochanika usimweke mtandaoni kuchangisha.

Julai ni baridi kweli, Makete, mkoani Njombe, hata umande huganda barafu alfajiri. Lete koti, au ununue mtumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukipita. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani, linaua.

Na kabla hujaondoka, vyote ulivyoleta viandikwe kwenye leja ya shule, kisha mkubaliane ni mwalimu gani atashika ufunguo wa kabati, na akihamishwa atamkabidhi nani.